Shimo ndani ya simu: woga wa mchimbaji na mchezo wa mtoto

Simu ilitupwa nje kupitia dirisha, ikaangukia mu mchanga karibu na mtumbwi wa jirani. Haikuvunjika. Mtoto wa miaka 13 alikimbia kuiokota huku analia, na baba yake alibaki amekaa juu ya kitanda, jasho linamtoka kama mtu wa malaria, mikono inatetemeka. Mtoto alikuwa amekosa nini? Alikuwa anacheza tu.

Hayo yalitokea hapa Uvira, upande wa Kalundu, na baba huyo ni mwenzetu wa kazi. Jina lake sitaliandika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia: andika mambo, jina acha. Alichimba dhahabu miaka mingi upande wa Fizi. Siku moja galeri ilianguka nyuma yake. Walikuwa watatu. Alikaa mule ndani toka asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, kifua kimebanwa na udongo, taa ya kichwani imezimika. Watu walichimba kwa mikono na makoleo mpaka wakamtoa. Wale wawili hawakutoka wazima.

Tulishukuru Mungu, tukalia wafu wetu, tukachanga kidogo kwa ajili ya wajane. Yeye akarudi Uvira kwa bibi yake na watoto. Sisi tuliona mambo yamekwisha. Kumbe kwake njo yalikuwa yanaanza.

Hakulala tena ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Chooni aliingia na mlango wazi, mtoto mmoja anasimama nje kuzuia watu, yeye mtu mzima, baba ya watoto watano. Kwenye taxi-bus ya kwenda Baraka alikataa kiti cha nyuma. Kama mbele kumejaa, safari imekufa, anarudi nyumbani. Umeme ukikatika usiku, anatoka nje kukaa juu ya jiwe mpaka kukuche. Bibi yake alijua. Watoto walijua. Sisi wenzake hatukujua, kwa sababu mchimbaji hawezi kuja mbele ya wachimbaji na kusema: ndugu, naogopa giza.

Mchezo wenyewe unaitwa Minecraft. Wazazi wengi mumeuona bila kujua jina: dunia ya matofali-matofali, miti ya pembe nne, ng'ombe wa pembe nne. Aliyeutengeneza ni Markus Persson, mtu wa Sweden, ukaonekana mara ya kwanza mu 2009 na ukakamilika mu 2011. Kufikia 2023 kampuni yake ilitangaza kwamba umeuzwa zaidi ya mara milioni 300. Na mule ndani mtu anafanya nini? Anachimba! Anakata mti, anatengeneza sururu, anaingia chini ya ardhi kutafuta makaa, chuma, dhahabu na almasi. Niliposikia hivyo nilicheka kwanza. Dunia nzima watoto wanalipa pesa ili wafanye bure kazi ambayo sisi tunaifanya kwa kukosa ingine.

Lakini watengenezaji wa mchezo ule si wajinga. Ukishuka mu pango la giza, simu inatoa sauti: mlio kama upepo ndani ya bomba, kama mtu anaguna mbali, bila wewe kuona chochote. Imewekwa makusudi ili mchezaji asisimke. Mtoto anasisimka, anafurahi, anaendelea. Siku ile mtoto wa mwenzetu alikuwa amekaa kitandani kando ya baba yake, sauti imefunguliwa yote. Baba alisikia mlio ule, akaona ukuta wa mawe na giza, na mwili wake ukarudi mule shimoni. Simu ikapita dirishani.

Waganga wanaita kitu hiki fobia. Si woga wa kawaida. Woga wa kawaida sisi wote tunao, na yule anayesema hana, usishuke naye. Fobia ni woga uliopita kipimo cha kitu chenyewe: moyo unapiga, pumzi inakatika, miguu inakimbia, hata kama mbele yako kuna picha tu, hata kama ni choo cha nyumbani kwako. Na ina ujanja wake. Kila mara unapokimbia unapata nafuu, na mwili unajifunza kwamba kukimbia njo kulikuokoa. Kesho utakimbia mapema zaidi. Leo unaogopa galeri, kesho chumba, kesho kutwa gari. Nyumba inazidi kuwa ndogo.

Kwetu, mtu akifika pale, maneno ni mengi. Wengine walisema dhahabu inamudai, kwamba kuna kitu alikula kule mu shimo na hakulipa. Wengine walimpeleka mu chumba cha maombi, wakamfungia mlango siku tatu afunge na kuomba. Walifungia mlango mtu ambaye ugonjwa wake ni mlango! Sisemi kitu juu ya maombi, mimi pia naomba. Nasema tu wangemwombea nje, chini ya mwembe. Na kuna wale wa kucheka: umekuwa mwanamke. Watu hao wawakumbuke wachimbaji 33 wa mgodi wa San José, kule Chile, waliofungiwa chini karibu metre 700, siku 69, toka tarehe 5 Agosti mpaka 13 Oktoba 2010. Dunia nzima iliwapigia makofi walipotoka. Baadaye wengi wao waliteseka na ndoto mbaya na woga, miaka. Nani atawaita wanawake? Tena wanawake wenyewe, mama zetu wa kutwanga mawe, wanabeba mizigo ambayo wengi wetu hatungeiweza.

Turudi kwa mtoto. Alikaa siku mbili bila kumsemesha baba yake. Siku ya tatu alikuja na simu ndani ya mfuko akasema: "Papa, ntakuwekea mwangaza. Hakuna kitu itakutisha. Mi njo ntashika simu, wee utaangalia tu."

Mtoto hakusoma mambo haya popote. Alifanya kile ambacho watengenezaji wa michezo wamejifunza kwa kuumizwa mfuko. Maana watu wanaoogopa buibui, kwa mfano, ni wengi duniani. Kuna mchezo unaitwa Grounded, ulianza kutoka mu 2020, ambamo watoto wamepunguzwa wakawa wadogo kama sisimizi, na buibui wa bustani wanakuwa wakubwa kuliko ng'ombe. Watu wa fobia wangeununua na kuuacha siku hiyo hiyo. Basi watengenezaji wakaweka sehemu ya kupunguza buibui: unavuta kidogo, buibui anapoteza miguu, unavuta tena, anapoteza meno, ukivuta mpaka mwisho, anabaki kama mpira unaoelea. Anauma vilevile, mchezo ni uleule, lakini jicho lako halioni tena kile kinachokuvunja. Mchezo mwingine, Satisfactory, unaondoa buibui na kuweka picha ya paka. Wa tatu, Lethal Company, unaondoa mwili wote na kuacha neno tupu lililoandikwa "buibui" kwa Kiingereza, linakufuata ukutani. Mimi nilipoonyeshwa hilo nilicheka mpaka mtoto akaniangalia vibaya.

Jambo lililonigusa ni hili: hakuna aliyemwambia mchezaji "jikaze". Walimpa kipimo, wakamwachia mkono wake mwenyewe uvute.

Michezo mingi haina sehemu ya namna hiyo, na simu zetu nyingi ni za mkono wa pili. Hata hivyo kila simu ina kitu cha kupunguza sauti na kitu cha kuongeza mwangaza. Ndani ya Minecraft, ukiuweka kwa Kifaransa, utakuta ugumu unaoitwa Paisible: viumbe wabaya wote wanatoka. Utakuta Luminosité, ambayo inafanya pango lionekane. Na upande wa sauti utakuta Environnement, ile milio ya pangoni iko pale. Unaifunga peke yake na muziki unabaki. Mtoto wa Kalundu alifunga vyote hivyo, akampeleka baba nje, mchana, kwenye kivuli, ziwa liko mbele yao.

Siku za kwanza waliangalia majani na ng'ombe tu. Baba alishika simu, akajenga nyumba, akaweka madirisha mengi kupita akili. Kisha mtoto alichimba mlangoni mwa kilima, hatua tatu tu, ukigeuka nyuma unaona mbingu. Baba akasema basi. Wakaacha. Kesho yake hatua tano, na kila hatua mwenge mmoja ukutani. Walipofika pahali galeri inakata kona na mwanga wa nje haupo tena, baba alikwama. Alikwama pale zaidi ya wiki mbili. Alipogeuka kona ile, moyo ulianza. Lakini safari hii hakutupa simu. Mtoto alimwambia ahesabu mienge, na yeye alihesabu, pumzi polepole, mpaka moyo ukashuka wenyewe. Anasema siku ile alishangaa: hakujua kwamba moyo unaweza kushuka bila yeye kukimbia.

Hapo njo kuna dawa yenyewe, kama kuna dawa. Na ni ya zamani kuliko simu. Mu 1924, kule New York, mama mmoja wa elimu ya akili, Mary Cover Jones, aliandika juu ya mtoto wa karibu miaka mitatu aliyemwita Peter, ambaye aliogopa sungura mpaka kulia. Hakumrushia sungura mapajani. Alimpa mtoto chakula anachopenda, na sungura ndani ya kizimba akawekwa mbali, kule mwisho wa chumba. Siku ingine karibu kidogo. Siku ingine karibu tena. Mwisho mtoto alimshika sungura kwa mkono wake.

Na mtu aliyeitengeneza njia hii ikawa ngazi ya kupanda ni Mwafrika wa mji wa dhahabu: Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia alikuwa muganga mu jeshi la Afrika Kusini, akawapokea askari ambao mwili ni mzima lakini hofu imewamaliza. Dawa walizokuwa wakipewa hazikumridhisha. Mu 1958 akatoa kitabu chake. Kwa maneno ya kwetu: mgonjwa anaandika woga wake kama ngazi, kidogo chini, kikubwa juu, anajifunza kulegeza mwili na pumzi, kisha anasimama kwenye ngazi ya kwanza, hata kwa mawazo tu, mpaka pale pasimsumbue tena, njo apande ya pili. Hakuna kuruka. Wenye mashine wameendelea: mu 1995 Barbara Rothbaum na wenzake, Marekani, waliwavalisha watu wanaoogopa urefu kofia ya kompyuta inayoonyesha madaraja na balkoni, wakawapandisha polepole bila kutoka chumbani, na woga ulipungua. Kofia hizo hatuna. Simu tunazo.

Lakini mu simu peke yake hutapona, na hapa naomba wasomaji munisikie vizuri. Mwenzetu alipofika kwenye kona ya galeri mu mchezo, bibi yake, ambaye ana akili kutushinda sote, alisema: sasa mlango wa choo. Si kuufunga. Kuurudisha upana wa kiganja. Wiki iliyofuata viganja viwili. Kila walipopanda ngazi moja mu simu, walipanda moja mu nyumba. Asipoweza, wanashuka moja, hakuna kelele, hakuna mtu kumwambia jirani. Mwezi wa tatu alilala mlango umefungwa, taa ikiwaka. Mwezi wa tano alikaa kiti cha katikati mu taxi-bus mpaka Makobola, akashuka, akarudi kwa miguu kipande cha njia, anacheka peke yake kama mlevi.

Kuna jambo moja la kuchekesha katika masomo yao. Mu Minecraft, ukichimba chini ya mwamba, mwamba unabaki juu. Udongo pia unabaki. Vitu vinavyoanguka ni mchanga na kokoto tu. Baba alipogundua hivyo alisimama. "Mulima gani huu? Jiwe inaning'inia bila kitu? Weka mti!" Mtoto akasema miti haina kazi mule. "Weka tu. Weka bwazaji." Na mtoto akaweka nguzo za miti kila hatua nne, kama baba alivyomwonyesha, nguzo mbili na moja ya juu, galeri yote. Hakuna mchezaji hata mmoja wa Sweden mwenye galeri nzuri kama ile. Mimi niliiona. Nilisema moyoni: kama mashimo tunayoshuka yangekuwa hivi, wale wawili wangekuwa hai.

Nilitaka kusema pia juu ya watoto, maana barua zinazofika kwetu sendika hazitoki kwa wachimbaji tu. Mnakumbuka usiku wa mvua ya tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka mu njia yake ukabeba nyumba na makumi ya watu. Watoto waliokuwa wadogo wakati ule, wengine mpaka sasa mvua ikipiga bati wanaingia chini ya kitanda. Mama mmoja wa kule, bwana yake yuko machimboni Misisi, ana binti aliyekataa kabisa kukanyaga ziwani, hata kuosha vyombo. Kaka yake alikuwa na mchezo wa mashua kwenye simu. Walianza bila sauti. Kisha sauti ya maji kidogo. Kisha wote watatu kwenye ufuko, mbali na maji, wanacheza pale, maji ya kweli yanasikika nyuma ya maji ya simu. Binti sasa anaingia mpaka magotini.

Mpaka magotini panatosha! Ziwa hili lina metre 1.470 kwenda chini, la pili duniani kwa kina, na lina viboko na mamba. Kule kwenye mdomo wa Ruzizi, upande wa Burundi, wazee bado wanasimulia mamba Gustave, ambaye Patrice Faye, yule Mfaransa wa Bujumbura, alimtegea mtego wa chuma na hakumpata. Mtoto wa Uvira asiyeogopa maji hata kidogo naye ana ugonjwa.

Mengine nitayapita haraka. Msimpe mtu wa fobia mchezo wa kutisha kwa nguvu ili "azoee". Ni sawa na kumtupa mtoni asiyejua kuogelea. Vyumba vya PlayStation vya mu mji vinacheza michezo ya bunduki sauti juu, na sisi wa hapa risasi tumezisikia za kweli. Kama mtoto wako anatoka pale anatetemeka au haongei, asirudi pale. Kijana wa chumba akiombwa apunguze sauti, anapunguza, nimejaribu.

Kuna utafiti mmoja ambao vijana wanapenda kuutaja, wa Tetris, ule mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka ambao Alexey Pajitnov aliutengeneza Moscow mu 1984. Emily Holmes na wenzake walifanya kazi hii Uingereza. Walichukua watu 71 waliofika hospitali ya Oxford baada ya ajali za barabarani. Nusu walikumbushwa kidogo ajali yao, kisha wakacheza Tetris kama dakika 20, ndani ya saa 6 baada ya ajali. Matokeo yalitoka mu 2017: wiki ile ya kwanza, picha za ajali ziliwarudia kichwani mara chache sana kuliko wenzao ambao hawakucheza. Lakini tusikie vizuri: ni picha zinazorudi, ni saa za kwanza, tena chini ya macho ya waganga. Si dawa ya woga wa miaka. Kama mtu hali, halali, anaongea kufa, hapo simu iwekwe chini. Bukavu kuna Sosame, na ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge. Ni nyumba za waganga, si za wendawazimu peke yao.

Sasa nifike pale ambapo mimi mwenyewe nilikwama.

Siku moja nilipita kumsalimu mwenzetu, hakuwepo. Bibi yake alinipa kiti, akaniletea maji, akakaa mbele yangu. Akasema: "Yaya, mi niko na swali. Mukimuponyesha, si njo mutamurudisha mule? Ile ugonjwa yake njo ilimuweka hapa. Tangu aikuwe nayo, anavua na shemeji yake, tunakula ndagala, watoto bako na baba. Mi afazali abaki naogopa."

Sikuwa na jibu. Miaka mingi nimesimama mbele ya watu na kusema, lakini pale nilikunywa maji tu.

Maana alikuwa na haki. Sheria ya nchi yetu inasema shimo la mchimbaji mdogo lisipite metre 30. Nani kati yenu hajashuka zaidi? Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mvua iliingia mu mashimo na watu wapata 50 wakabaki mule. Hawakuwa na fobia, wale. Walikuwa watu hodari, na uhodari wao haukushika paa. PDG wa shimo anapenda sana mchimbaji asiyeogopa. Mchimbaji asiyeogopa hahitaji miti. Kwa hiyo niliogopa kwamba maneno haya mapya, fobia, ngazi, mwangaza, yatafika kwa wenye mashimo, na kesho mtu akikataa kushuka ataambiwa: wewe ni mgonjwa, nenda ucheze simu kwanza.

Nimefikiri sana tangu siku ile, na naona hivi. Mtu aliyefungwa na fobia hana macho. Kwake choo cha nyumbani na galeri mbovu ni kitu kimoja, vyote vinapiga kelele ileile, kwa hiyo hawezi kuchagua. Ukipunguza kelele ile, anapata kuona tena: hapa ni salama, hapa si salama. Kupona kwake hakupaswi kuhesabiwa kwa metre alizoshuka. Na uamuzi wa kurudi au kutorudi ni wake na wa nyumba yake, si wa sendika, si wa PDG.

Nilimrudia yule mama nikamwambia hayo. Alisema: "Tutaona."

Mwezi uliopita PDG mmoja alimtafuta mwenzetu. Anajua kupiga miti kuliko wengi, na watu wa namna hiyo hawajai. Alikubali kwenda kuangalia, na aliniomba niende naye. Bibi yake hakusema kitu, alimfungia mihogo na samaki ndani ya karatasi. Barabara ya kwenda kule munaijua. Tulilala njiani. Asubuhi tulifika mdomoni mwa shimo, akavaa taa, akaomba mtu mmoja tu amfuate. Mimi nilibaki nje nahesabu, na nakiri nilihesabu kwa sauti.

Alikaa muda wa kuvuta sigara mbili. Alipotoka, jasho lilikuwa la kawaida, la joto. PDG akauliza: vipi? Akajibu kwamba ameingia mpaka kona ya pili, na kwamba kutoka kona ya kwanza miti ni ya mwaka juzi, imeoza, mingine imetolewa ikapikiwa chakula. Atashuka siku ile miti itabadilishwa. PDG alicheka akawageukia watu: "Huyu bado anaogopa. Si mulisema amepona?"

"Nimepona," mwenzetu akasema. "Ile ingine nilikuwa naogopa bila kuingia. Hii nimeingia, nimeona."

Wanne kati ya wale waliokuwa pale walivua taa zao wakakaa chini. Wengine walishuka, maana nyumbani kuna watoto wanaongoja. Siwahukumu. Koperative imeandikiwa barua, na mpaka ninapoandika miti bado haijafika.

Yeye alirudi Kalundu. Kwenye mchezo wamefungua ile sauti ya pangoni, kidogo, nusu ya nusu. Mtoto anasema baba akiisikia anauma midomo lakini simu inabaki mkononi. Sisi tumeanza kukaa pamoja, watu saba waliotolewa chini ya udongo, kila Jumamosi saa tisa, nje, chini ya mwembe wa sendika, hakuna mlango. Mwenye ndugu wa namna hiyo amlete. Aje na mtoto wake anayejua kufunga sauti, na simu iwe na chaji.